Koti la Klabu ya Nishikie

Shangazi yangu ni mtu wa kushuku. Maziwa anayanusa kabla hayajamiminwa, sabuni anaikwaruza kwa ukucha dukani kuona kama ni sabuni kweli, na ukimsalimu kwa bashasha kupita kawaida atakuuliza unataka nini. Katika ukoo wetu tumemtania kwa hilo tangu tukiwa wadogo. Yeye hucheka pamoja nasi, huku akitutazama mmoja mmoja aone nani amecheka sana. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba niliyosimuliwa hayakumpata mtu wa kudanganyika ovyo.

Kazi yake ni kusuka nyuzi za raketi za tenisi. Alifundishwa na marehemu baba yake, na anaifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye meza ya chuma yenye vibanio, dirisha likitazama barabarani. Anavuta uzi, anaubana, anaupiga kwa kidole gumba na kuusikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mteja akileta raketi, hampokei mkononi. Anamwambia, "Weka mezani." Baba yake alikuwa akifanya hivyo, naye alidhani ni adabu ya kazi tu.

Mumewe ni mtu wa aina nyingine kabisa. Alianza maisha kwa kupakia mizigo kwenye malori, akapanda hadi kuwa dereva, akastaafu, na mpaka leo mji mzima unamwita Utingo. Utingo hawezi kuona mzigo kwenye mikono ya mtu akatulia. Ukishuka kwenye basi na mtoto na begi, utamkuta ameshambeba mtoto kabla hujamuuliza jina. Shangazi alikuwa akimwambia kwamba mikono yake ina kiherehere, iko siku itampeleka pabaya. Yeye alicheka tu, maana alimpenda mkewe na ukali wake wote.

Wateja wengi wa shangazi walitoka kwenye klabu iliyo juu ya kilima, ile iliyojengwa na wakoloni. Bango la langoni linasema Klabu ya Michezo, lakini hakuna anayeiita hivyo. Watu wote wanaiita Nishikie. Ina viwanja vya tenisi, chumba cha biliadi, ukumbi wa dansi na baa yenye kaunta ndefu ya mbao nyeusi. Zamani mwenyeji hakuingia mle ndani isipokuwa awe amebeba kitu cha bwana.

Siku moja mpishi wa klabu hiyo, mwanamke mnene mpole wanayemwita Mama Sahani, alikuja na raketi za wanachama. Akaweka mezani, akakaribishwa chai, akasema mumewe ameacha kazi ya kupokea wageni mlangoni kwa sababu ya afya, na klabu inatafuta mtu mwenye moyo wa kusaidia. Alipotamka neno "moyo" hakumtazama shangazi usoni. Machale yakamcheza shangazi, lakini Utingo alikuwa amechoka kukaa nyumbani akihesabu nzi. Juma lililofuata alivaa shati jeupe akapanda kilima akipiga mluzi.

Mwanzo hapakuwa na la ajabu. Utingo alirudi na vichekesho vya klabu. Alisema wafanyakazi wa kule wana vituko: hakuna anayempa mwenzake kitu mkononi. Mhudumu wa baa anaweka trei mezani, anarudi nyuma, ndipo mwingine anaichukua. Walimwonya na yeye afanye hivyo, hasa pale barazani. Aliona ni maringo tu, akaendelea kupokea kofia na miavuli ya watu kwa mikono miwili.

Kisha akaanza kuchelewa.

Alipoulizwa, alisema kuna mtu alimwomba amshikie koti, akasema anarudi sasa hivi. Siku ya pili jibu lilikuwa lilelile. Shangazi alinyamaza, na ukimwona shangazi amenyamaza, jua jambo limeiva. Alifua lile shati jeupe akalinusa kwanza. Lilikuwa na harufu ya tumbaku ya kiko na dawa ya nondo, harufu ya kabati la mtu mwenye nyumba kubwa. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na manyoya ya sufu ya kijivu, na palikuwa pamelowa. Ilikuwa kiangazi, na nchi nzima ilikuwa ikitafuta mvua kwa tochi.

Mawazo yake yalikwenda pale ambapo ya mke yeyote yangekwenda. Alimwona mwanamke. Alimvisha koti la sufu, akampa kiko, akamkalisha kwenye baa ya klabu akicheka na Utingo. Aliumia sana, na maumivu yake aliyageuza upekuzi. Alipekua mifuko, akauliza majirani, akamtazama mumewe akila. Ndipo alipoona kwamba Utingo anakula kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa kwenye kiwiko, umetulia mbele ya tumbo, na hakuushusha.

Hata usingizini hakuushusha. Shangazi aliuvuta taratibu aunyooshe, ukarudi wenyewe mahali pake. Ngozi ilikuwa ya baridi.

"Mkono una nini?" alimuuliza asubuhi.

"Ganzi tu," Utingo akasema. Kisha akaongeza kama mtu anayejisemesha, "Sasa nitaliweka wapi?"

Siku hiyo mchana, shangazi alizifunga raketi zilizokuwa tayari, na ambazo hazikuwa tayari pia, akapanda kilima. Nia yake ilikuwa kumfumania. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akapita ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, akachungulia barazani kupitia pazia.

Utingo alikuwa amesimama peke yake. Hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na mtu. Alikuwa amesimama kando ya nguzo, mkono wa kushoto umekunjwa, macho yakitazama upande wa viwanja vya tenisi kama mtu anayemngoja mwenzake. Sakafu pale aliposimama ilikuwa imelika, ina mabonde mawili mafupi, na miguu yake ilikaa ndani yake sawasawa. Wanachama walipita na raketi zao, wakaagiza vinywaji, wakacheka. Wafanyakazi walipofika karibu na nguzo walizunguka mbali bila kumtazama. Mkononi hakuwa na kitu. Lakini kitambaa cha shati kilikuwa kimebonyea chini, kama kinavyobonyea chini ya kitu kizito, na tone la maji lilidondoka kutoka kwenye kiwiko chake likaanguka sakafuni.

Shangazi alirudi jikoni. Mama Sahani alikuwa akiosha glasi. Alipomwona, alifunga bomba la maji, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa akimsubiri kwa muda mrefu.

Alimsimulia kwa kunong'ona, akitazama mlango. Nyanya yake alikuwa mfuaji wa klabu enzi za wakoloni, na hadithi hii aliitoa kwake. Palikuwa na mtumishi wa barazani ambaye jina lake halikumbukwi tena, maana mabwana walimwita Kigingi. Walimtundikia kofia, mifuko, taulo mbichi. Aliwahi kuchapwa kwa kuweka kofia ya bwana mmoja juu ya kiti. Basi alasiri moja bwana mwingine akampa koti lake la sufu, akamwambia asiliweke chini na asiondoke mpaka atakaporudi. Bwana akapita upande wa viwanja, akatokea mlango wa nyuma, akaenda zake. Ulikuwa mchezo. Kule baa walikuwa wamebishana mtu anaweza kusimama muda gani, wakatoka na glasi zao kumtazama, jioni, asubuhi, jioni tena. Mvua ikanyesha, upepo ukaileta barazani, koti likanywa maji na Kigingi akiwa amelishika.

"Mwenyekiti wetu anasema klabu iliitwa Nishikie kwa sababu ndilo neno la kwanza walilojifunza wazungu kwetu," Mama Sahani alisema. "Si kweli. Bwana haombi. Neno lile ni la Kigingi. Kila mfuaji, kila mpishi aliyepita pale, Kigingi alimwambia, nishikie kidogo tu. Wakaogopa kuchapwa. Hakuna aliyempokea."

Alikufa akiwa wima. Walipomlaza, mkono haukunyooka, na koti halikuonekana tena. Walioonekana ni watu wa kulishika. Mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka, mtu aliyeombwa pale barazani akanyoosha mkono. Anaweza kurudi nyumbani kulala, mwanzoni. Halafu anachelewa. Halafu anachelewa zaidi. Mtunza bustani wa zamani hakurudi kabisa, walimkuta asubuhi amesimama pale kando ya nguzo, amekwisha kukauka. Hakuna njia ya kulitua, ila mwingine akubali kulipokea kwa hiari yake.

Shangazi aliweka mambo pamoja polepole. Baba yake na ile meza. Mume wa Mama Sahani na afya yake. Ile chai.

"Mumeo ndiye aliyemwomba mume wangu," alisema.

"Alikuwa anakufa, dada yangu."

"Kwa nini hukupokea wewe?"

Mama Sahani aligeukia sinki. Alifungua bomba, akarudi kwenye glasi zake, na mabega yake yalikuwa yakicheza.

Tangu siku hiyo shangazi alijua shida yake ni nini: Utingo anapungua, na anachelewa zaidi kila jioni. Akajua pia jambo la pili, lililomtia hofu kuliko la kwanza. Mumewe asiambiwe kitu. Mtu wa moyo kama ule, akijua kwamba mzigo wake utamwangukia mwingine, hatautoa. Na akishautoa, akijua nani anao, atamfuata amsaidie.

Nafasi ilikuja na sherehe ya kumbukumbu ya klabu. Ilifanyika alasiri, kwenye baraza ileile, viti vimepangwa, maputo yamefungwa kwenye nguzo. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mtu wa suti nzuri na maneno mengi, si mbaya, ila alipenda kupigiwa makofi kuliko alivyopenda chakula. Alisimulia asili ya jina la klabu jinsi alivyoipenda yeye. Mabwana wa zamani wanafika na raketi, wana jasho na kiu, wanamwona mtumishi wao mpendwa, wanatamka Kiswahili chao cha kuvunjika: nishikie. Wageni wakacheka. Mwenyekiti akanogewa, akavua koti la suti, akasema atawaonyesha, na mzee wa mlangoni atakuwa mtumishi.

Shangazi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alisimama. Alisema kwa sauti ya upole, ambayo sisi hatujawahi kuisikia kwake, kwamba mchezo utanoga zaidi wakibadilishana: mwenyekiti awe mtumishi, mzee awe bwana.

Watu walishangilia. Mwenyekiti hangeweza kukataa makofi kama yale. Aliinamisha kichwa kama mhudumu, akakunja mkono wa kushoto, akautanguliza. Wafanyakazi wa klabu waliokuwa wamesimama na trei waliacha kutabasamu. Mama Sahani alijishika mdomo. Shangazi alimsogelea mumewe sikioni.

"Mwambie akushikie."

"Nimshikishe nini? Sina..."

"Mwambie tu, mume wangu."

Utingo alimtazama mwenyekiti kwa macho yaliyochoka. "Nishikie," akasema.

"Ndiyo, bwana," mwenyekiti akajibu, na baraza nzima ikapasuka kwa kicheko.

Mkono wa Utingo ulianguka ubavuni. Bega la mwenyekiti lilishuka kidogo. Aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa halina mwenyewe. Keki ilikatwa, wageni wakala, wakaaga. Aliwapa wote mkono wa kulia. Shangazi alipogeuka langoni alimwona bado yuko kando ya nguzo, shati lake la bei limelowa upande mmoja, anatazama viwanja vya tenisi.

Usiku ule Utingo alilala amejinyoosha kitanda kizima. Aliacha kazi, akanenepa, akarudi kubeba watoto wa watu kwenye vituo vya mabasi. Shangazi alifurahi. Niliwahi kumuuliza kama alimwonea huruma yule daktari, akaniambia hata chembe. Alimchukia Mama Sahani kwa kufanya jambo lilelile, na hakuona ajabu yoyote katika hilo. Ila alianza kufunga mlango wa mbele mchana, na kila mteja alimtazama mkono wa kushoto kabla ya kumtazama uso.

Siku aliyokuja daktari, mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Shangazi alikuwa katikati ya raketi, uzi umevutwa, mikono yote miwili imeshikwa na kazi. Kivuli kiliingia kwanza. Akanusa tumbaku. Kisha dawa ya nondo.

Mwenyekiti alikuwa amekonda, suti ikimning'inia. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa mbele yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha shangazi.

"Shikamoo mama," alisema kwa adabu. "Nimekuja kumwona mzee."

"Hayupo."

"Nitamsubiri. Nimezoea kusubiri."

"Amesafiri. Nenda zako, daktari."

Lakini kutoka ua wa ndani ilisikika kandambili ikiburuzwa, na mluzi. 

"Nani huyo?" Utingo aliita. "Karibu, daktari. Mbona umechoka hivyo? Ngoja nije nikupokee."

Alitokea akijifuta mikono kwenye shati. Uso wake ulijaa furaha ya kumwona mtu. Mikono ilikuwa imeshatangulia mbele, ile mikono yenye kiherehere, na daktari alikuwa akigeuka kumwelekea. Midomo yake ilianza kufunguka.

Shangazi aliachia uzi. Ukafyatuka, ukamchana kidole. Hakusikia maumivu. Alipita kati yao, akampa mumewe mgongo.

"Nipe mimi."

Daktari alimtazama. Alisita, nadhani, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akanong'ona lile neno.

Shangazi anasema uzito wake si wa koti. Anasema ni kama kumpokea mtu aliyelala. Baridi ilipanda kutoka kiwikoni hadi shingoni, na maji yakaanza kumtiririka ndani ya mkono wa nguo. Mbele yake daktari wa meno alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe ulionyooka, huku akilia bila sauti. Aliondoka bila kuaga, akaliacha gari lake barabarani, akakimbia kwa miguu.

"Alikuwa anataka nini?" Utingo akauliza.

"Alikuwa anapita tu," shangazi akasema.

Haya alinieleza mwenyewe, mara moja, Utingo akiwa sokoni, na akanikataza kumgusa wakati akieleza. Siku hizi anasuka raketi kwa mkono mmoja na meno. Wateja wanaambiwa aliteguka kiwiko. Alasiri anapanda kilima kupeleka raketi, hata zisipokuwepo, na anachelewa. Nilimuuliza atampa nani. Akaniambia amemtafuta mtu anayemchukia kiasi hicho, bado hajampata.

Utingo, ambaye maisha yake yote hakumshuku mtu, ameanza. Juzi aliniita pembeni akaniuliza kama najua shangazi anakwenda wapi, na kwa nini khanga yake inanuka tumbaku. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akachukua tambara, akainama kupangusa sakafu pembeni ya ile meza ya chuma, mahali mkewe anaposimama kufanya kazi. Alinung'unika kwamba bati linavuja, na kwamba alishapanda juu kutafuta tundu asilione. Nje jua lilikuwa likichoma, na majani ya barabarani yalikuwa yamekauka yote. Alipomaliza kupangusa niliona saruji imeanza kulika hapo, mabonde mawili mafupi, ukubwa wa nyayo za mwanamke. Maji yakajikusanya ndani yake tena.